Mji wa shaba na sanaa ya chapa: Lubumbashi ifungue karakana ya namna gani?

Kila panapozungumzwa fedha za utamaduni Lubumbashi, kuna ombi linalorudi: mji upate nyumba ya sanaa ya chapa. Ndani pawe na karakana ya kuchonga na kuchapa, pembeni chumba cha kutengenezea karatasi kwa mikono, na mbele ukumbi wa kuonyesha na kuuza kazi. Wanaoitaka ni vijana waliokwishatembea, wakaona nyumba za aina hiyo Johannesburg au Brussels. Wanaoipinga ni wachoraji wenye umri, watu walioishi kwa brashi tangu zamani, ambao wanaona fedha zitakwenda kwenye mashine wakati wao hawana hata turubai. Mimi nimesimama na wanaoitaka. Lakini nyumba wanayoielezea, kwa mpangilio wanaouelezea, ninaogopa itafunga milango mapema, na hoja za wazee zinastahili kusikilizwa kuliko zinavyosikilizwa sasa.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu wengi wakisikia habari ya kuchapa picha wanawaza fotokopi. Msanii huchonga picha yake kinyumenyume juu ya ubao, linoli (zulia gumu la sakafuni) au bamba la shaba. Katika ubao, sehemu iliyoachwa bila kuchongwa ndiyo inayopokea wino. Katika shaba mambo yanageuka: wino husukumwa ndani ya mikwaruzo, uso wa bamba ukafutwa hadi ukawa safi, kisha karatasi iliyoloweshwa kidogo hubanwa juu yake kwa presi, mashine ya magogo mawili mazito ya chuma, mpaka karatasi iingie ndani ya mikwaruzo na kuubeba wino. Kwa kila nakala bamba hutiwa wino upya kwa mkono. Zikitimia idadi iliyopangwa, tuseme 30, msanii huandika kwa penseli chini ya kila moja 1/30, 2/30, hadi mwisho, na kutia sahihi. Zote 30 ni kazi yake ya asili.

Hoja ya kwanza ya kuunga mkono, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, inatoka katika historia ya mji huu. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alichora historia ya nchi kuanzia wahenga hadi Zaire ya Mobutu, picha zaidi ya 100, akamuuzia mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha hapa. Picha hizo ziko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Simlaumu aliyezinunua, bila yeye labda zingeliwa na mchwa. Lakini kijana wa Katuba anayetaka kuona jinsi mtu wa mji wake alivyokichora kifo cha Lumumba, afunge safari ya Uholanzi au akodolee macho simu. Ni vivyo hivyo kwa Albert Lubaki wa Bukama, aliyechora kwa rangi ya maji juu ya karatasi katika miaka ya 1920: kazi zilivuka bahari, sisi tukabaki na jina. Turubai ni moja. Ikiuzwa imekwenda. Chapa 30 zikiuzwa nje 20, bado kuna 10 zinazoweza kubaki kwenye kuta za watu wa hapa, katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, katika chuo kikuu.

Na mji huu una ushahidi wake kwamba nakala nyingi za bei rahisi huokoa kumbukumbu. Mwaka 1965 watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu walitoa kijitabu cha historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa, kikakusanywa na André Yav, kikapigwa chapa kwa stensili. Karatasi za ovyo, mpangilio wa shida. Ila kwa sababu zilikuwa nakala, ziliwafikia watafiti, na mwaka 1990 maandishi yote yakachapishwa upya. Kingekuwa daftari moja la mkono, nani leo angekijua?

Wazee wanajibu, na jibu lao ni zuri. Wanasema: sisi tulikwishafanya nakala, na hatukuhitaji mashine. Ni kweli. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaa ya Lubumbashi walirudia picha ile ile mara nyingi, mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, na Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji, yenye mfungwa anayechapwa viboko mbele ya bendera. Walitumia magunia ya unga badala ya turubai, walifanya haraka, waliuza kwa bei ambayo mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, karani au mwalimu aliimudu. Picha zilining'inia sebuleni, familia ikizitazama kila jioni, wageni wakizijadili. Wanunuzi walikuwa Wakongo. Soko hilo halikufa kwa kukosa ufundi. Lilikufa kwa kukosa mishahara: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa Gécamines ukaanguka katika miaka michache, na familia iliyokuwa ikinunua picha ikaanza kuhesabu vijiko vya unga wa bukari. Basi, wanauliza wazee, presi italeta mnunuzi kutoka wapi?

Swali hili halijibiwi kwa shauku. Tuchukue mfano wa kukisia tu. Mchoraji anauza turubai moja kwa dola 300, labda mara moja kwa miezi miwili, na mnunuzi karibu kila mara ni mgeni. Chapa za ubao 30, kila moja dola 15, zinafika dola 450, lakini kwanza lazima wapatikane watu 30. Faida yake ni kwamba dola 15 mwalimu anaweza kuzitoa siku ya harusi ya mdogo wake, na dola 300 hawezi. Hasara ni kwamba mwalimu huyo atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini alipe 15 wakati kijana mwenye printa mjini atamtolea picha kubwa yenye rangi zote kwenye bashi, turubai la plastiki la matangazo, kwa bei ndogo kuliko hiyo. Mtu ambaye hajawahi kuona bamba likifutwa wino hana sababu ya kuamini kwamba vitu hivi viwili vinatofautiana.

Ndiyo maana naona karakana iliyojificha nyuma ya ukumbi ni kosa la kwanza katika mpango. Kazi ifanyike mbele ya macho ya watu. Mnunuzi ashike karatasi, apitishe kidole kwenye ukingo ulioachwa na bamba, amwone msanii akiinua karatasi kutoka kwenye ubao na picha ikatokea imegeuka. Kuna tatizo la uaminifu pia: 1/30 ni ahadi tu. Mwenye bamba akipata shida ya ada ya shule, nini kitamzuia kutoa nakala ya 31? Nyumba inayotaka kuaminiwa lazima iwe na daftari la matoleo linaloweza kufunguliwa na yeyote, na bamba likwaruzwe mbele ya mashahidi baada ya nakala ya mwisho. Bila hayo soko halitatofautisha chapa ya msanii na bashi, na litakuwa na haki.

Sasa shaba. Hapa ndipo napoamini Lubumbashi inaweza kuwa na neno la kwake. Kongo katika miaka ya karibuni imekuwa ya pili duniani kwa kuzalisha shaba, nyuma ya Chile, na sehemu kubwa ya shaba hiyo inapita au inatoka katika Katanga hii. Malori ya katodi, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa, yanaelekea mpaka wa Kasumbalesa usiku na mchana. Msanii wa Lubumbashi anayetaka bamba la kuchonga, la shaba iliyolainishwa, yenye unene ulio sawa na uso kama kioo, anaambiwa aagize Ulaya. Jambo hili linaniuma, na najua haliniumi peke yangu.

Mafundi wetu wa shaba ya kugonga, wanaotengeneza picha za kubonyezwa za vijiji, vinyago na wanawake wenye mitungi, wanaijua shaba kwa mkono: jinsi inavyokuwa ngumu ikipigwa sana, jinsi inavyorudi laini ikipashwa moto. Kumfundisha fundi wa namna hiyo kuchora kwa sindano moja kwa moja juu ya bamba, mbinu isiyohitaji kemikali yoyote, ni kazi ya wiki chache. Kumfundisha mchoraji wa turubai kuzoea chuma huchukua muda zaidi. Lakini katika mazungumzo yote niliyoyasikia, mafundi hawa hawatajwi, kwa sababu kazi yao inahesabiwa kuwa ya watalii. Ningeanza nao.

Wapinzani wana hoja nyingine hapa, ya afya na mazingira, nami naikubali nusu. Uchapaji wa kale wa shaba hutumia tindikali, au kloridi ya feri, kula mistari iliyochorwa juu ya nta. Maji yanayobaki yana shaba ndani yake. Mji ambao mito yake tayari inabeba uchafu wa viwanda vya madini, ambao udongo wa baadhi ya mitaa umejaa metali kutoka moshi wa bomba kubwa la Gécamines, hauhitaji karakana ya sanaa inayomwaga beseni kwenye mtaro. Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili yaliyoanzishwa na chama kiitwacho Picha mwaka 2008, ilifanya sumu ya mji kuwa mada yake ya 2022. Wasanii wale wale hawawezi kuongeza sumu yao wenyewe kisha wakaiita kazi ya utamaduni.

Lakini kuna njia ambayo ingekuwa ajabu kama hatungeijaribu. Bamba la shaba lililofunikwa nta, likachorwa kwa sindano, linaweza kutumbukizwa katika maji ya mrututu, huku bamba jingine likining'inia mbele yake, na umeme mdogo wa betri ukapitishwa kati yao. Shaba huondoka kwenye mistari iliyo wazi, ikasafiri ndani ya maji ya bluu, ikaganda kwenye bamba la pili. Hakuna moshi wa tindikali, na maji hayamwagwi kila mara kwa sababu shaba inayotoka ndiyo inayoganda upande wa pili. Wachapaji wa nchi nyingine wanatumia njia hii. Kanuni yake ni ya mabeseni ya umeme ya Shituru, Likasi, ambako vizazi vya wafanyakazi wametumia maisha yao kuangalia shaba ikiganda. Wastaafu wengi wa kazi hiyo bado wapo, wakidai malipo yao na kukaa barazani na maarifa ambayo hakuna anayeyauliza. Mzee mmoja wa mabeseni angeweza kuifundisha karakana nzima kusoma mkondo wa umeme, na paneli moja ya jua ingetosha, bila kungoja SNEL irudishe umeme.

Kuhusu karatasi, hapa naachana na vijana. Wanaitaka karatasi ya mikono ya nyumbani iwe moyo wa nyumba hiyo, na sababu zao zinasikika vizuri: tuna maganda ya mahindi kila mahali, migomba, mkonge, nguo za mitumba za pamba, karatasi nzuri ya kuchapia inatoka Ufaransa, Italia au Ujerumani, na kila boksi linalipiwa usafiri na forodha. Yote ni kweli. Ila kutengeneza karatasi ni kazi ya maji kabla ya kuwa kazi ya nyuzi. Maganda huchemshwa na magadi au maji ya majivu ili kuondoa utomvu unaofanya karatasi iwe ya njano baadaye, halafu husuuzwa tena na tena hadi maji yawe meupe. Nyuzi zilizopondwa huchanganywa kwenye pipa la maji, zikachotwa kwa chekecheke, zikabanwa na kuanikwa. Katika mitaa ambako mama anaamka alfajiri kungoja bomba la REGIDESO litoe ndoo mbili, chumba kinachotumia maji kwa mapipa lazima kijieleze.

Na maji yenyewe, hata yakipatikana kwa kisima cha kuchimba, yana kasoro isiyotajwa na wapenda karatasi wetu. Chembe za shaba na chuma zikibaki ndani ya karatasi huharakisha kuoza kwa nyuzi. Karatasi hudhoofika, hupata madoa, hukatika ikikunjwa. Kwa hiyo mji wa shaba, ardhi yenye chuma nyekundu kiasi hiki, ni mahali pagumu pa kutengeneza karatasi ya kudumu miaka mia. Inawezekana: maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi kati ya Novemba na Machi, kisha kuanika wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, hewa ikiwa kavu. Lakini hilo ni jambo la kupimwa kwa uvumilivu, na kabla ya kupimwa, kumuuzia mtu chapa iliyo juu ya karatasi hiyo kwa ahadi kwamba wajukuu wake wataiona ni kumdanganya.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu karatasi, na nalisema kwa uzito. Afrika Kusini mradi wa Phumani Paper, ulioanzishwa mwaka 2000, ulianzisha vikundi vya kutengeneza karatasi mikoani kwa lengo la kupunguza umaskini, na wengi wa waliofanya kazi walikuwa wanawake. Uliajiri watu, ukatoa ujuzi, lakini si vikundi vyote vilivyodumu, kwa kuwa kadi na masanduku ya karatasi hayana soko lisilo na mwisho. Najua jinsi mambo yanavyogawanywa kwetu: wanaume wataitwa wasanii na kutia sahihi, wanawake watapewa mapipa, magadi na ujira wa siku. Kama chumba cha karatasi kitafunguliwa, anayetengeneza karatasi aandikwe katika daftari la toleo kwa jina lake na apate sehemu ya bei. Vinginevyo bora kisifunguliwe. Kwa miaka ya mwanzo nunueni karatasi ya pamba kutoka nje, kidogo kidogo, na chumba cha karatasi kibaki cha majaribio: majalada, daftari, mabango ya muda.

Ukumbi wa maonyesho ndio unaovuta wafadhili, maana unapigwa picha vizuri siku ya kufunguliwa. Una kazi yake. Bila mahali pa kuuzia, karakana hugeuka shule ya jioni isiyo na mwisho. Lakini historia yetu inaonya. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana iliyojulikana kama Hangar. Humo walikua Pilipili Mulongoy, Bela Sara aliyechora kwa vidole, na Mwenze Kibwanga. Aliwaachia uhuru wa macho yao, na hilo lilizaa kazi ambazo bado zinashangaza. Ila kila kitu kilimzunguka yeye, wanunuzi walikuwa marafiki wa Ulaya, na alipofariki mwaka 1954 karakana haikuendelea kama ilivyokuwa. Wasanii wake walihamia kwenye akademia ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mwaka 1951. Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanza mwaka 1972, mahali ambapo George Lilanga alifanyia kazi, ilikuwa na uchapaji wa mabamba pia. Jengo lake leo halipo. Upande wa pili kuna Artist Proof Studio ya Johannesburg, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba. Moto wa mwaka 2003 ulimuua Xaba na kuteketeza presi na kazi za miaka mingi. Ilijengwa upya, kwa sababu kufikia wakati huo ilikuwa na wachapaji wengi waliofundishwa, na ujuzi ulikuwa umetawanyika katika mikono mingi.

Kwa hiyo nikipewa fedha hizo leo, nisingeanza na jengo la katikati ya mji. Ningekodi nyumba Katuba au Kenya, komini (tarafa) za mji huu ambako wachoraji wanaishi na ambako mtoto anaweza kuingia akitoka shule. Wengine wanasema presi iwekwe katika Taasisi ya Sanaa, na hoja yao ni ya kiuchumi: majengo yapo, walimu wapo. Ninaogopa tu kwamba fundi wa shaba asiye na diploma hatavuka lile lango, na mchoraji wa mtaani ataonekana mgeni. Mwaka wa kwanza usingehitaji hata presi: tripleksi (mbao nyembamba za kubandikwa) chakavu iliyochongwa, wino, na mgongo wa kijiko cha mti kusugulia karatasi vinatoa chapa kamili. Ndivyo wengi walivyoanza Rorke's Drift, Afrika Kusini, katika miaka ya 1960, kwa linoli na vifaa vya kawaida, na kazi za John Muafangejo zilizotokana na shule ile zinaheshimiwa duniani. Presi ije mwaka wa pili, shaba na mabeseni ya mrututu mwaka wa tatu, na ukumbi uwe wa kuazima, wiki kadhaa kwa mwaka, wakati wa biennale watu wanapokuwa mjini.

Wachoraji wazee waalikwe tangu siku ya kwanza, na walipwe. Anayejua kuchora mamba muntu kwa dakika arobaini bila kuangalia mfano anajua jambo kuhusu kurudia ambalo hakuna mwalimu wa uchapaji aliye nalo, na picha yake ikiingia kwenye ubao itafika sebuleni ambako turubai yake haifiki tena. Mkataba wao na nyumba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi: bamba ni la nani, nakala ngapi, bei inagawanywaje, nani anaruhusiwa kuitumia picha kwenye fulana au kalenda. Na katika kila toleo nakala mbili zisiuzwe: moja iende Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, nyingine ibaki karakanani, ndani ya kabati la chuma ambalo mchwa hawaliwezi, na ufunguo wake usiwe mfukoni mwa mtu mmoja.